Nani Kamuua Mwanakheir?

"Simamisha hapo! Usiguse tena!"

Bi Salhiya alimnyang'anya Anwar rimoti, akaibonyeza mwenyewe. Kwenye televisheni Inspekta Fumu alibaki amesimama kando ya kisima, kofia mkononi, mvua inamnyeshea.

"Haya. Kabla hajasema neno, kila mtu aniambie. Nani kamuua Mwanakheir?"

Ndivyo walivyozoea. Jumapili, baada ya sala ya alasiri, wapenzi wa mchezo huu wa zamani wa upelelezi hukusanyika nyumbani kwa Bi Salhiya, Mbweni. Bi Salhiya ni mwalimu mstaafu, na ndiye aliyehifadhi vipande vingi vya Inspekta Fumu ambavyo havionyeshwi tena popote. Hutazama kipande kimoja, wakabishana, wakanywa chai kwa vileja, kisha kila mtu akarudi kwake kabla ya magharibi.

Siku hiyo walikuwa watano. Bi Salhiya mwenyewe. Anwar, jirani yake, mtu wa maneno mengi. Rahila, mwenye duka la vitambaa Darajani, amekaa karibu na dirisha. Na upande wa pili, pembeni ya mlango, Mabrouk na dada yake Mashavu.

Mabrouk, fundi wa mitambo ya boti, alikuwa mume wa Rahila. Ilikuwa miaka mitatu tangu amwache kwa talaka moja, na muda wote huo hakukanyaga nyumbani kwa Bi Salhiya. Alipoingia siku hiyo na dada yake, Rahila aliitikia salamu kama anavyowaitikia wateja, akageuza uso dirishani.

Alijua kilichomleta. Juzi yake Mabrouk alimtumia ujumbe: "Rahila, wewe hukuolewa tena na miye sikuoa. Tunaweza kufunga ndoa upya. Yaliyopita yamepita, nshakusamehe."

Rahila alijibu kwa maneno mawili: "Umenisamehe nini?"

Mabrouk hakujibu.

Kipande walichokuwa wakikitazama kilikuwa cha huzuni kuliko vyote. Daktari mmoja anakuta saa ya mwanamme mwengine chini ya mto wa kitanda chake. Anamfukuza mkewe, Mwanakheir, wakati ule ule, na mvua inanyesha. Asubuhi yake Mwanakheir anakutwa amekufa kisimani. Inspekta Fumu anagundua kwamba saa iliwekwa na wifi yake Mwanakheir, dada wa daktari. Lakini pia anagundua kwamba hakuna aliyemsukuma marehemu. Aliteleza gizani, peke yake.

"Rahisi hii!" Anwar alianza. "Wifi mtu. Angekaa na saa yake, mtoto wa watu angekuwa hai."

"Hakumsukuma lakini," alisema Bi Salhiya.

"Kusukuma si kwa mikono tu, Bi Salhiya."

"Rahila, mwanangu, wewe wasemaje?"

"Mumewe," alisema Rahila.

"Ala! Daktari?" Anwar aliruka. "Masikini ya Mungu, daktari kadanganywa! Kaona saa chini ya mto, ulitaka afanyeje?"

"Amuulize mkewe."

"Si kamuuliza!"

"Kamuuliza mlango ushafunguliwa na nguo zishatupwa nje. Huko si kuuliza."

Mabrouk alikohoa.

"Saa kaiona kwa macho yake," alisema taratibu, akiitazama televisheni. "Mtu akiona kitu kama kile, akili inaruka. Si kwamba hampendi. Anampenda, ndo maana anapagawa."

"Kaona saa," Rahila alijibu, naye akiitazama televisheni. "Hakuona mwanamme. Kakaa na yule mwanamke miaka chungu nzima, anamjua hadi anavyopumua usingizini. Saa kakutana nayo siku ile ile. Kaiamini saa."

Hata Anwar aliona kwamba maneno yale hayamhusu daktari peke yake. Alichukua kileja, akakishika tu.

Aliyejibu alikuwa Mashavu.

"Nyote mnamsema yule wifi," alisema. "Hakuna anayejiuliza ni nani. Yule ndo kamlea kaka yake! Mama yao kafa, yeye kakataa wachumba, kabaki kupika na kufua ili mdogo wake asome. Halafu siku moja mwanamke anakuja, anasema tuhame, tukajenge kwetu. Na yeye? Abaki na nani ndani ya nyumba ile?"

"Kwani wamesema alikataa wachumba?" Anwar aliuliza. "Miye sijasikia."

"Ndo ilivyo! Wanawake kama wale wapo. Hakutaka mtu afe. Alitaka wagombane kidogo tu, kaka asihame. Mtu katuma ujumbe mmoja, mmoja tu, mumwite muuaji?"

"Ujumbe gani tena, da Mashavu?" Anwar alicheka. "Mle mna saa. Zama zile simu za mkononi zilikuwa wapi?"

Alicheka peke yake. Mabrouk alikuwa ameshasimama.

"Dada. Umesema ujumbe."

"Nimekosea. Nlitaka kusema saa."

"Miye sijakwambia habari ya ujumbe."

"Mabrouk, kaa chini, watu wanatutazama."

"Sijamwambia mtu yeyote! Nliona aibu. Nlikwambia tumeshindwana, basi. Uliyajuaje ya ujumbe?"

Ilikuwa kweli. Jioni ile, miaka mitatu nyuma, Rahila alikuwa chooni anaoga, simu yake iko kitandani. Ujumbe ukaingia kutoka namba ngeni: "Mpenzi, nshafika. Nifungulie mlango wa nyuma." Mabrouk akausoma. Akapiga ile namba, haipatikani. Rahila alipotoka, maji bado yanamtiririka, alikuta mumewe ameshika simu kama mtu aliyeshika nyoka. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hamjui mtu yule. Akashika mguu wa mumewe, akalia mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi akapewa talaka yake. Walioujua ule ujumbe walikuwa Mabrouk, Rahila, na mama yake Rahila tu.

Na aliyeutuma.

"Dada," Mabrouk alisema. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Niangalie usoni."

Mashavu hakumwangalia. Alijifunika uso kwa ncha ya mtandio.

"Nlinunua laini Darajani," alisema kutoka ndani ya mtandio. "Nikatuma. Kisha nikaitupa. Nilidhani mtagombana, utanuna siku mbili tatu, habari ya kuhama itakwisha. Sikujua utamwacha. Wallahi sikujua. Na ulipomwacha, niliogopa kusema. Kila siku nilisema kesho ntamwambia."

Bi Salhiya alizima televisheni. Hakuna aliyetaka tena kujua Inspekta Fumu angesema nini.

Rahila alisimama, akavaa viatu vyake mlangoni. Alisema kwa adabu: "Bi Salhiya, ahsante kwa chai."

"Mwanangu, usiondoke hivi. Kaa utulie."

"Nikikaa ntasema maneno mabaya mbele yako, na sitaki."

Mabrouk alimkimbilia hadi nje ya geti.

"Rahila! Umesikia? Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Kumbe hukufanya kitu!"

Rahila alimtazama. Alikuwa amengoja miaka mitatu ayasikie maneno hayo. Usiku mwingi aliyatunga mwenyewe kichwani, kwa sauti ile ile ya Mabrouk, akalala nayo. Sasa yametamkwa kweli, na akayasikia yana kasoro asiyoweza kuitaja.

"Niache niende," alisema.

Jioni ile Mabrouk alipiga simu hadi betri ya Rahila ikaisha. Kesho yake zikamiminika jumbe. "Nipokee, nakuomba." "Nlikuwa mjinga." "Niambie nifanye nini, ntafanya." Rahila alizisoma zote. Hakujibu hata moja.

Aliyemfuata kwanza, dukani Darajani, alikuwa Mashavu. Alisimama mlangoni na buibui lake, kama mteja asiye na hakika ya anachokitaka.

"Wifi," alisema.

"Karibu ndani. Hapo unazuia njia."

Mashavu aliingia, akakaa kwenye kigoda baina ya majora ya vitambaa. Kwa muda alilia tu, na Rahila alimwacha alie.

"Sijui nikuombe vipi," alisema mwisho. "Hata kukuomba msamaha naona haya."

"Uliwahi kunichukia, Mashavu?"

"Sijakuchukia hata siku moja. Ulinipikia uji nilipougua. Niliogopa tu. Nilidhani nyote mtanisahau."

"Tulikuwa tumekujengea chumba," Rahila alisema. "Kule Mbweni. Chumba cha upande wa kibla, chenye dirisha kubwa. Mabrouk alitaka iwe siri, akufurahishe siku ya kuhamia."

Mashavu alishika kifua.

Rahila alikwenda kumletea maji. Alipompa gilasi, alimwambia: "Umeniharibia nyumba yangu. Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu, kwa sababu nikiubeba uchungu huu utaniua. Lakini usiniite wifi tena."

Mabrouk alikuja Alkhamis, nyumbani kwa mama yake Rahila, Mkunazini. Mama alimkaribisha sebuleni juu, akajitoa jikoni, akauacha mlango wazi. Mabrouk alikuwa amekonda kwa siku zile chache. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Nimekuja kukuposa," alisema. "Nimekuja peke yangu kwanza, kabla sijaleta wazee. Rahila, miye nimekosa. Dada kanidanganya, na miye nikadanganyika. Sasa kila kitu kimekuwa wazi. Ntakwenda kwa kila mtu aliyesikia ulivyoachwa, nimwambie hukuwa na kosa. Nyumba ya Mbweni iko pale pale. Turudi."

"Mabrouk, nikuulize kitu?"

"Niulize."

"Siku ile nilipokuapia nimeshika mguu wako, uliniamini?"

Mabrouk aliinamisha kichwa. "Hapana."

"Juzi uliponiandikia umenisamehe, ulikuwa unaamini sikufanya?"

"Nlikuwa..." Alitafuta neno. "Nlikuwa nshakubali kwamba ulifanya, na bado nakutaka."

"Na dada yako aliposema ni yeye, ulimwamini baada ya muda gani?"

"Pale pale."

"Basi," alisema Rahila. Machozi yalianza kumtoka, hakuyafuta. "Alipokudanganya ulimwamini. Aliposema kweli ulimwamini. Miye nimekwambia kweli tangu siku ya kwanza, mpaka leo hujaniamini mimi. Unamwamini Mashavu kwamba mimi mwema."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Kama asingeteleza ulimi, leo ningekuwa nani kwako? Mzinifu uliyemsamehe. Ungenioa hivyo hivyo, ungelala na mimi ukiwa unaamini hivyo, na kila simu yangu ikilia ungeitazama."

Mabrouk alitaka kukataa, lakini alijijua. Mwisho alisema, "Ni kweli."

"Ahsante kwa kusema kweli."

"Hunipendi tena?"

Sauti za watoto zilipanda kutoka uchochoroni, zikatoweka.

"Nakupenda," alisema. "Ulipoingia kwa Bi Salhiya moyo wangu ulishtuka kama siku ile ya mwanzo. Nikasema kama atafungua kinywa aseme, Rahila, sijui ujumbe ule ulitoka wapi lakini nakuamini wewe, ningesimama mbele ya watu wote nikaenda nawe. Nilikungoja uyaseme. Ulimtetea daktari."

Mabrouk alilia. Alilia kama wanaume wasiozoea kulia, mabega yakimruka, mikono haijui pa kukaa. Rahila alitamani kunyanyuka amshike kichwa. Alishika mkono wa kiti chake badala yake, akaushika kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma.

"Ntakungoja," alisema Mabrouk alipopata pumzi. "Mwaka, miwili, hata..."

"Usiningoje. Kamtazame dada yako. Usimtupe. Mtu akiogopa kuachwa namna ile, ukimwacha kweli atakufa. Mpe kile chumba."

"Na wewe?"

"Mimi nipo. Duka langu lipo. Nitaishi."

Mabrouk alinyanyuka. Alisimama kidogo kana kwamba kuna neno limebaki, kisha akasema, "Nakuamini, Rahila." Alilisema kwa moyo wake wote, na Rahila alijua kwamba mara hii hakuna aliyemfundisha.

"Najua," alimjibu. "Kwaheri, Mabrouk."

Alisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi za mbao mpaka mlango mkubwa wa chini ukafunguliwa na kufungwa. Ndipo akalia, kwa sauti, bila kujizuia. Mama yake alitoka jikoni akifuta mikono kwa kanga, akakaa karibu naye, akamlaza kichwa mapajani kama alipokuwa mdogo.

"Kasemaje?" aliuliza baada ya muda.

"Kasema ananiamini."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia najua, mama. Kajua mwenyewe kuwa kachelewa."