Penseli Kwenye Treni ya Trieste

Maarja aliandika tarehe za safari kwa penseli, kisha akazifuta. Hilo ndilo lilikuwa kosa, na alilifanya mara mbili kabla halijajulikana.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba kutoka Tartu, Estonia, aliyekuja Regensburg kujifunza Kijerumani kwa wiki nne za kiangazi. Aliishi kwa Bi Lindner, mjane aliyekata mkate mweusi vipande vyembamba na kumsahihisha kila sentensi. Asubuhi darasani, mchana kuogelea mtoni, jioni ramani. Waliitandaza kitandani, yeye na Ilinca, msichana wa Romania aliyekaa naye dawati moja, wakalala kifudifudi juu yake na kutembeza vidole kutoka mji hadi mji, kimyakimya, mpaka Bi Lindner alipowaita mezani.

Kila mmoja alikuwa na pasi ya treni ya siku saba. Ilikuwa na visanduku saba. Siku unayosafiri unajiandikia tarehe kwa wino kabla ya kupanda, na siku hiyo treni zote ni zako, nchi yoyote uendako. Stesheni hazina geti. Hakuna anayekuuliza mlangoni.

Jumamosi moja walikwenda Nuremberg. Maarja aliandika kwa penseli kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mkononi. Mkaguzi hakutokea. Aliporudi akachukua raba, akafuta, kisanduku kikawa cheupe tena. Jumamosi iliyofuata walikwenda Praha, na safari hii penseli aliichukua makusudi. Mkaguzi alitupa jicho tu, akashukuru, akapita. Maarja akafuta tena. Ilinca aliandika zake kwa wino.

"Wewe una roho ngumu," Ilinca alimwambia. "Ukikamatwa, mimi sikujui."

"Siku mbili za bure, mwenzangu! Moja ya Venisi, moja ya Verona. Wewe endelea kuogopa, nitakuletea picha."

Kozi ilipoisha, Jumatatu asubuhi na mapema, wakaondoka kwenda Trieste. Stesheni Maarja alimpokonya Ilinca pasi yake, akamwandikia tarehe kwa penseli huku akicheka. Ilinca alikuwa na usingizi mno, hakuweza kubishana. "Haya, shauri yako," alisema, na walipopita Salzburg akalala fofofo, pasi zote mbili zikiwa mapajani mwa Maarja.

Maarja hakulala, lakini hakuwa macho kamili pia. Kwao nchi ni tambarare. Hapa milima ilikuja mpaka dirishani na theluji yake, ikainama, ikaondoka. Treni iliingia gizani ndani ya mlima, akaona uso wake kwenye kioo, kisha kioo kikajaa majani mabichi. Alijiona ameshafika Trieste, amelala chali juu ya maji. Bahari ya kwao hutetemesha meno hata mwezi wa Julai. Hii ingekuwa ya joto. Tangu utotoni alitaka kujua bahari ya joto ikoje. Behewa zima lilikuwa limelala: bibi mwenye kapu la matunda, askari aliyeachama mdomo, mtoto aliyevuliwa kiatu kimoja.

"Pasi, binti."

Alikuwa mkaguzi, mzee wa Kiaustria mwenye masharubu meupe. Alipitisha kidole gumba juu ya tarehe, akakitazama. Kilikuwa cheusi.

"Kalamu yangu iliisha wino," Maarja alisema haraka.

"Hutokea. Chukua yangu." Lakini kabla hajampa aliigeuza pasi kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi ilikuwa na mikwaruzo ya tarehe mbili zilizofutwa. "Na hizi? Nazo ziliishiwa wino?"

Mzee akafungua pasi ya pili. "Na huyu aliyelala? Penseli ileile. Basi zote mbili nachukua."

Ilinca alikoroma kidogo. Ingetosha Maarja kukaa kimya tu. Lawama ingegawanyika, na safari ya kurudi isingekuwa ya upweke.

"Yake niliandika mimi," alisema. "Leo tu. Tazama, za nyuma ni za wino. Yeye hajafuta kitu. Mimi nimefuta mbili. Usimchukulie yake, tafadhali baba."

Mzee alimtazama sana. Kisha akampa kalamu. "Ipitishie wino ya mwenzako."

Akaipitishia. Pasi ya Maarja mzee akaikunja na kuitia mfukoni.

"Unawaona hawa?" alisema kwa sauti ya chini, akionyesha behewa. "Wanalala kwa sababu mimi ninaamini walichoandika. Watu kumi wakifanya kama wewe, kesho nitamwamsha bibi yule na kumkagua kama mwizi. Hukuiba siku mbili tu, binti. Ulikuwa unaiba usingizi wao. Ila umesema kweli ilipokuwa rahisi kukaa kimya, ndiyo maana mwenzako anaendelea. Wewe utashuka stesheni ijayo, ukate tiketi ya kurudi."

Treni ilipopunguza mwendo Ilinca akafumbua jicho moja. "Tumefika baharini?"

"Wewe bado kidogo. Mimi nashuka. Wamegundua penseli."

"Basi nashuka nawe!"

"Kaa hapo, mjinga wewe. Pasi yako ni nzima. Ogelea zamu yangu pia."

Maarja alisimama stesheni, milima imemzunguka pande zote, mpaka behewa la mwisho likapotea.

Aliiba siku mbili. Alipoteza tano zilizokuwa halali yake, zile walizozipanga juu ya ramani: ya Trieste, ya Ljubljana, ya Graz, ya Vienna, na ya kurudi Regensburg.