Semina kwa Zamu

Ndugu zangu, nawasimulia ya nyumba ya jirani yangu, fundi cherehani. Sikilizeni, maana huenda ni ya nyumbani kwako pia.

Jioni moja tulikaa barazani, fundi akipinda sketi, binti yake tuliyemwita Chiriku akitusomea kitabu cha shule. Sauti tamu, hakwami. Mara upepo ukapeperusha kurasa. Chiriku hakushtuka, akaendelea na hadithi ileile.

"Hebu nisomee hapa, kidole changu kilipo," nikamwambia.

Akakitazama kidole. Machozi yakamlenga. Yuko darasa la tano, na hajui kusoma! Shule zilipofungwa kwa maradhi ya mlipuko, ndiyo kwanza alikuwa anashika herufi. Zilipofunguliwa akasukumwa mbele pamoja na wenzake, wakabaki kukariri.

Mama yake, yule fundi, akaweka mkasi chini. "Basi, shule imetosha. Atakaa na mimi kwenye cherehani."

"Shoga, usimwadhibu mtoto kwa kosa lisilo lake," nikamzuia. " Twende kwanza tukaulize."

Asubuhi nilimwomba Mungu, tukaenda shuleni. Kumbe serikali imetoa fedha za kuwafunza walimu namna ya kuwainua watoto kama huyu. Shule yetu ilipata nafasi moja ya semina. Mwalimu mkuu akampa mwalimu wa michezo!

"Ni zamu yake," akatuambia. "Semina tunakwenda kwa zamu, mama, ili posho imfikie kila mmoja."

"Na kusoma kunamfikia nani?" fundi akauliza.

"Huo ndio utaratibu wa ofisi."

"Basi tutakaa hapa mpaka utaratibu uchoke."

Tukakaa. Kina mama wengine wakaja, watoto mgongoni. Mwishowe mwalimu wa michezo mwenyewe akaingia. "Mkuu, mimi nikirudi nitamfundisha nani kusoma, mpira? Aende mwalimu wa la tano."

Mkuu akakubali, mwalimu wa la tano akaenda. Aliporudi, kila asubuhi akawapanga watoto kwa wanachokijua, si kwa darasa. Chiriku akaketi na wadogo.

"Shikamoo, bibi wa la pili!" wenzake wakamcheka.

Akakimbilia nyumbani akilia. Mama yake, yuleyule aliyetaka kumwachisha, akamshika mkono akamrudisha.

Muhula ulipokwisha alitusomea barazani tangazo jipya la ukutani ambalo hakuwahi kuliona. Alikwama, akarudia, jasho likamtoka. Mama yake akasimamisha cherehani, asikose kusikia hata silabi moja.

FUNZO

Wazazi, msiridhike na sauti tamu. Fungueni ukurasa mwingine, mwulizeni mtoto. Walimu, mafunzo si sahani ya kupokezana: aende yule anayemfundisha mtoto aliyeachwa nyuma, maana fedha ile ni ya mtoto huyo. Mungu hatatuuliza zamu ilikuwa ya nani. Atatuuliza mtoto tulimfikisha wapi.