Niliweka Saini Kabla ya Kuliona Gari

Nina miaka arobaini na mbili, mjane, mkazi wa Izia hapa Sumbawanga. Kinachonifanya niandike haya si hasira. Ni woga... Umeniingia na umekataa kutoka.

Marehemu mume wangu aliniachia binti mmoja, Yusta, na kirikuu ya kubebea mizigo. Kwa gari hilo nilikuwa nikishuka Wampembe, kando ya ziwa, kufuata samaki, migebuka mikavu, na kuja kuiuza sokoni. Nililikatia bima kubwa, nikajiona mjanja. Nani angenipata?

Siku moja ng'ombe alijitosa barabarani, nikamgonga. Bampa likaingia ndani, gurudumu la mbele likapinda. Nilipowapigia watu wa bima, wakaniambia nisithubutu kulipeleka gari kwa fundi wangu. Lazima liende kwenye gereji iliyo katika orodha yao, la sivyo nisahau madai. Na kwa mji wetu, orodha nzima ilikuwa na gereji moja tu!

Nilipotajiwa mwenye gereji, nilifurahi. Mzee Deusi! Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, aliyeongoza rozari mume wangu alipofariki, na ambaye mkewe ni mama wa ubatizo wa Yusta. Nikasema, Mungu anipe nini tena?

Wiki ya kwanza, spea iko njiani. Ya tatu, spea imefika lakini siyo yenyewe. Ya sita, fundi amefiwa. Nikiwapigia bima, naambiwa niulize gereji. Nikiuliza gereji, niwapigie bima... Nilizungushwa mpaka nikachoka. Nilikuwa nafika pale, "Shikamoo Mzee," nakalia tairi bovu nusu siku, kisha narudi nyumbani kwa miguu.

Jumamosi moja asubuhi jumuiya ilisali kwangu. Tulipomaliza, watu wakinywa togwa, Mzee Deusi akachomoa karatasi kwenye kitabu chake cha nyimbo. Ilikuwa fomu ya bima: mimi mwenye gari nimelikagua, nimeliendesha, nimeridhika.

"Mama Yusta, weka saini hapa niitume leo leo. Gari lako tayari, kesho baada ya misa unalichukua."

Nilitaka kusema, Mzee, ngoja nilione kwanza. Ningemwambiaje hivyo mwenyekiti, mbele ya jumuiya nzima, ndani ya nyumba aliyoiombea? Si ingekuwa kumwita mwongo? Nikaweka saini. Wanawake wakapiga vigelegele!

Kesho yake nililikuta gari linang'aa kwa rangi. Lakini breki... Nilipokanyaga, mguu ulizama mpaka chini. Nikakanyaga tena, ndipo ikashika. Nikarudi nikamweleza Mzee. Akacheka.

"Hizo ni breki mpya, mwanangu. Zitajizoesha."

Nikapiga simu bima. Aliyepokea akanisomea maneno niliyoyasaini mwenyewe: umelikagua, umeliendesha, umeridhika. Faili limefungwa, mama.

Msomaji mwenzangu, hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilijua! Fundi wa mtaani alikuwa jirani kabisa, ningemwita akafungua gurudumu. Lakini niliogopa bima, na zaidi niliogopa maneno ya jumuiya, kwamba mjane yule hana shukrani. Basi nikajifunza kukanyaga mara mbili.

Wiki iliyofuata Yusta alikuwa likizo, kidato cha tatu. Akaomba tushuke wote Wampembe akaoge ziwani. Njia nzima aliimba. Mteremko ulipoanza, akanyamaza, akawa anautazama mguu wangu.

"Mama, mbona unakanyaga mara mbili mbili?"

"Ndivyo lilivyo," nikamjibu.

Kona ya tatu nilikanyaga mara mbili... tupu. Mara tatu, mara nne... tupu! Kulia bonde, na ziwa linamemeteka mbali kule chini. Kushoto ukuta wa mlima. Nikavuta breki ya mkono, gari likaendelea tu. Nikashusha gia, injini ikapiga kelele, spidi haikupungua vya kutosha. Yusta alining'ang'ania mkono, "Mama! Mama!" Mkojo ulinitoka, sioni haya kulisema. Mbele yetu kona nyingine ilikuwa inakuja, na nilijua hiyo hatuikati.

Nikalipeleka gari kushoto, likajipigiza kwenye mwamba. Kushoto... ndiko alikokaa mwanangu.

Yusta hakufa. Mguu wake ulisagika, ukakatwa chini ya goti.

Fundi aliyelivuta gari alinipa kipande cha bomba la mafuta ya breki. Lilikuwa lile lile la zamani, limefungwa kwa mpira wa tyubu! Na mnajua bima waliniambia nini nilipotoa taarifa ya ajali hii? Nilipeleke gari kwenye gereji ya orodha yao. Kwa Mzee Deusi!

Naye alikuja hospitali na jumuiya, akasali sala ndefu. Wote wakaitikia amina, na mimi nikaitikia... Mazoea haya! Yusta akageukia ukutani. Walipoondoka akaniuliza taratibu kama nilikuwa najua breki ni mbovu. Sikuwa na nguvu ya kusema uongo mwingine. Nikamwambia nilijua.

Jumamosi iliyopita zamu ya sala ilirudi kwangu. Nilikiweka kile kipande mezani, karibu na mshumaa, nikaeleza kilikotoka na nilichokisaini. Hakuna aliyegusa togwa. Mzee Deusi aliaga mapema, na wengine wakamfuata.

Ndugu zangu, nawasihi, msisaini kuridhika na kitu msichokiona, hata karatasi iletwe na nani. Liendesheni gari kwanza. Ikanyageni breki. Mwenye gereji akinuna, mwacheni anune. Mimi nilikwepa kumuudhi mtu mzima kwa dakika moja, na mwanangu ndiye aliyelipia.

Siku hizi tukipanda bajaji kwenda kliniki, Yusta haangalii barabara. Anauangalia mguu wa dereva. Dereva akikanyaga mara mbili, ananibana mkono mpaka unauma... na mimi sina mdomo wa kumwambia asiogope.