Meno Mapya ya Luciana

Kila jioni, baada ya kutoka shule, Elina na binamu yake Luciana waliosha vyombo uani, nyumbani kwao Ikungi. Masufuria waliyasugua kwa majivu na mchanga laini mpaka yakang'aa, huku wakipiga soga na kucheka. Wote wawili walikuwa na meno ya kahawia kwa sababu ya madini yaliyomo kwenye maji ya kisima waliyokunywa tangu utotoni. Nusu ya darasa lao la sita walikuwa hivyohivyo. Nani angemcheka nani?

Likizo ilipofika, Luciana alikwenda Dodoma kwa mama yake. Alirudi na meno ya mbele meupe pe! Daktari alikuwa ameyafunika kwa dawa nyeupe inayoganda juu ya jino.

"Lo! Luciana umependeza!" majirani walisema.

Elina naye alikuwepo, lakini hakuna aliyemtazama. Roho ilimuuma. Kisha Mwalimu Sostenes akamchagua Luciana kuwa mshereheshaji wa mahafali ya darasa la saba. Kazi hiyo Elina aliitamani tangu mwaka uliopita! Siku hiyo hata ugali ulimshinda.

"Sauti yangu inaishinda yake," alinung'unika. "Wamechagua meno, hawakuchagua mtu."

Luciana alipenda sana chai ya rangi iliyokolea majani. Haikuchukua muda, meno yake mapya yakaanza kuingia umanjano. Akamfuata Elina uani, uso umesawijika.

"Elina, hebu nitazame. Madoa haya niyatoe kwa kutumia nini? Mahafali ni wiki ijayo!"

Elina alijua jibu. Alimsikia shangazi yake, mama wa Luciana, akisisitiza kwenye simu kwamba Luciana atumie mswaki laini na dawa ya meno tu, na doa likikataa, aende kwa daktari. Lakini wivu ulimzidi.

"Sugua kwa majivu na mchanga, kama masufuria," alisema bila kumtazama usoni. "Tena sugua kwa nguvu."

Masikini Luciana! Alisugua asubuhi, akasugua jioni. Ile dawa nyeupe ikakwaruzika, na madoa ya chai yakazidi kunasa kwenye mikwaruzo. Fizi zikavimba na kutoa damu. Mwishowe alimwendea mwalimu, mkono mdomoni, akasema hawezi kusimama mbele ya watu. Mwalimu akampa Elina ile kazi.

Jioni hiyo Luciana alishindwa kutafuna chakula. Akaja kukaa karibu na Elina.

"Hongera," alisema. "Utaifanya vizuri kuliko mimi. Na asante kwa kujaribu kunisaidia. Ni meno yangu tu mabaya."

Elina aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alikimbilia jikoni kwa mama yake.

"Mama, mimi ndiye niliyemharibia! Nilijua, nikamdanganya makusudi."

Mama aliacha mwiko. "Usiniambie mimi. Kamwambie mwenyewe, sasa hivi."

Elina alikwenda, akasema yote. Luciana alimkodolea macho. "Wewe, Elina? Wewe?" Akaanza kulia.

Asubuhi mama aliwapeleka wote wawili hospitali.

"Shikamoo daktari," walisema.

"Marahaba. Haya, fungua mdomo, binti."

Daktari wa meno alisafisha madoa kwa kifaa kidogo kinachozunguka, kisha akapaka dawa upya palipokwaruzika. "Mchanga ni wa masufuria," alisema. "Wewe tumia mswaki laini. Chai ya rangi ipunguze, na ukinywa, sukutua kwa maji."

Kutoka hapo Elina alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Sostenes, akaeleza ukweli na kurudisha kazi isiyokuwa yake. Siku ya mahafali Luciana alisimama mbele, akasherehesha mpaka wazazi wakapiga vigelegele.

Wakati wa kurudi nyumbani, Luciana alitangulia na wenzake. Mama akamgeukia Elina.

"Mwenzako aliposugua mchanga, meno yako yaliongezeka weupe?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi hiyo ndiyo kazi ya wivu, mwanangu. Umemtoa mwenzako damu, na wewe umebaki vilevile."