Ng'ombe wa Nyantende na Figo ya Cibalonza

Siku ile mjinga alikuwa Adalbert. Leo ukimwuliza anakubali mwenyewe, tena anacheka. Lakini mchana ule wa tarehe ishirini na nne Desemba, katika nyumba yao ya Kadutu, mjini Bukavu, hakuna aliyecheka.

Mke wake, Cibalonza, alikuwa jikoni anakanda unga wa mandazi ya Noeli, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. Simu yake ikalia mezani sebuleni.

— Adalbert, nisomee hiyo message. Labda ni Docteur Emmanuella wa Nairobi.

Adalbert akasoma. Akarudia kusoma. Jasho likamtoka ndani ya shati lake jipya jeupe.

— Inasema nini?

— Ni docteur, ndiyo. Anatutakia Noeli njema.

— Noeli njema tu?

— Na mwaka mupya.

Uongo huo ungepita vizuri kama Luc asingekuwa amesimama mlangoni. Luc ni mdogo wake Cibalonza, kijana wa miaka ishirini na sita, miguu imevimba haiingii tena katika viatu. Mara mbili kwa wiki analazwa kando ya mashine ya kusafisha damu. Tarehe nane Januari, huko Nairobi, dada yake angempa figo moja.

— Docteur anatukumbuka ata siku ya leo! Lete, shemeji, nimujibu.

Kabla Adalbert hajapata akili ya kuficha simu, Luc alikwisha kuichukua. Akasoma kwa sauti, furaha ikimwisha neno kwa neno:

"Bi Cibalonza, juzi mume wako alitutumia ujumbe wa sauti kuondoa kibali chake. Bila kibali hicho, taratibu zetu haziruhusu kutoa figo yako. Tusipopata neno lake leo kabla ya saa kumi na moja, saa za Bukavu, nafasi ya Luc tutaipa familia nyingine. Pole sana."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na robo.

Cibalonza hakunawa. Alitoka jikoni, akamkamata mumewe kwenye ukosi wa shati, unga na vyote.

— Niangalie. Ulimutumia docteur nini?

— Chérie, twende tuongee ku chumba.

— Ku chumba tunalala. Hapa tunaongea!

— Ni maneno ya familia...

— Na mimi niko nani? Jirani? Mwezi wa kumi na moja ulisaini! Ulilia mbele ya padri, watu wote wakasema, Cibalonza, ulipata bwana! Yale machozi ulikuwa umeazima wapi?

Mama yake Adalbert, Maman Agnès, akatokea sebuleni, kitenge kimefungwa kifuani kama mtu anayekwenda vitani. Alikuwa amefika jana kutoka kijijini Nyantende, na jogoo mmoja na mkungu wa ndizi ambazo madaktari wamemkataza Luc hata kuonja.

— Mutoto wangu usimuguse! Ni mimi nilimwambia.

— Ulimwambia nini, maman?

— Ukweli. Tulitoa ng'ombe sita juu ya bibi muzima. Hatukutoa juu ya nusu ya bibi. Kama unataka kukatwa, ungeuliza kwanza wenye ng'ombe!

Kumbe ndiyo siri yenyewe. Jumapili iliyopita Adalbert alipanda Nyantende, akasema anakwenda kusalimia. Wajomba zake walikaa, pombe ya ndizi katikati, wakaamua kwamba mwili wa mwanamke aliyeolewa kwa ng'ombe haukatwi bila ukoo kuitwa. Naye Adalbert, mwanaume mwenye diploma ya chuo kikuu, akaitikia kila neno kama mjusi juu ya ukuta. Wakati wa kurudi alijificha nyuma ya duka, akarekodi ujumbe wake kwa kunong'ona.

Luc alikuwa bado ameshika simu.

— Shemeji, jana tulikula pamoja. Ulinitolea ata samaki miiba. Na ulikuwa unajua?



Papa Polycarpe, baba yao Cibalonza na Luc, alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kujitolea, madaktari wakamkataa kwa sababu ya shinikizo la damu. Akasimama taratibu, akavaa kofia.

— Maman Agnès, zile ng'ombe sita kesho zitakuwa Nyantende. Nitaazima, nitaomba, lakini zitafika.

— Papa! — Adalbert akaruka. — Kurudisha ng'ombe ni kuvunja ndoa!

— Si ndiyo? Docteur anataka saini ya bwana ya Cibalonza. Basi mutoto wangu hatakuwa tena na bwana. Atarudi kwangu na figo zake mbili, atamupa ndugu yake moja, na hatuombi mutu ruhusa. Wewe bakia na ng'ombe. Zitakupikia.

Cibalonza hakungoja baba yake amalize. Aliingia chumbani, akavuta sanduku chini ya kitanda. Adalbert akamfuata mbio.

— Cibalonza, niliogopa.

— Uliogopa wajomba?

— Hapana. Niliogopa hautaamuka! Dada yangu Bintu aliingia ku operesheni akinitania, wakamutoa amefunikwa shuka. Tangu nilisaini, kila nikifunga macho ni wewe niko naona chini ya ile shuka. Ng'ombe... ng'ombe ilikuwa tu rahisi kusema.

Mikono ya Cibalonza ikasimama juu ya nguo.

— Juu ya nini hukuniambia vile?

— Nitasemaje mimi naogopa, wakati wewe mwenye kukatwa hauogopi?

— Nani alikuambia siogopi? — Kiatu kikaruka, kikampata begani. — Mujinga wewe! Naogopa mupaka tumbo inaniuma! Nilikuwa nangoja unishike mukono, kumbe uko Nyantende unaitikia walevi!

Akalia kwa hasira, kilio cha mtu ambaye ukimgusa anauma. Adalbert akamgusa hivyo hivyo. Akapigwa kofi la unga, hakuachia.

— Nisamehe.

— Musamaha baadaye. Saa hii nataka simu.

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Adalbert alirudi sebuleni, akapiga mbele ya wote, simu ikiwa kwenye spika. Mara ya kwanza mtandao ukakataa. Mara ya pili ukakatika. Papa Polycarpe akavua kofia, akaivaa tena. Mara ya tatu mwanamke akaitikia.

— Docteur Emmanuella? Ni Adalbert, bwana ya Cibalonza. Ile message ya juzi, uifute. Nilikuwa mujinga.

— Ujinga siwezi kuuandika kwenye faili, Bwana Adalbert. Unakubali au hukubali?

— Nakubali.

— Kuna mtu anayekulazimisha hapo?

Adalbert akamwangalia baba mkwe, akamwangalia mama yake, akashika bega lake lililopigwa na kiatu.

— Wenye kunilazimisha ni wa juzi, docteur. Leo ni mimi.

— Basi niandikie sasa hivi, uweke jina lako lote. Tarehe nane inabaki ya Luc.

Akaandika, akaweka jina lake lote. Jibu likaja: "Tumepokea." Luc akakaa chini pale pale sakafuni, akafunika uso kwa mikono yake.

Cibalonza alimshika mumewe mkono, akaubana mpaka vifundo vikalia.

— Usifurahi. Sijakusamehe. Nairobi utalala ku kiti kando yangu, na nikifungua macho nisikukute, usirudi Bukavu.

— Nitakuwa pale.

Maman Agnès akapiga makofi mara moja, kwa uchungu.

— Sawa! Mumenishinda. Ila nijibu neno moja, bibi mwenye huruma. Figo moja unapeleka kwenu. Na kesho mutoto wangu akigonjwa figo, utamupa gani?

Cibalonza akageuka, mkono wa Adalbert bado mkononi mwake.

— Ile yenye itabaki, maman. Na wewe mwenye uko nazo mbili, utamupa gani?