Kabati la Marehemu

Haya yalimkuta shoga yangu, msusi, alipoolewa na fundi saa aliyefiwa na mkewe. Kabati la chumbani lilifurika nguo za marehemu hata mlango haufungiki, na zake yeye zilikaa sandukuni chini ya kitanda. Wivu ulimkaba, maana mumewe hakuwahi kumsifia nguo hata siku moja.

Mchana mmoja alizijaza zote kwenye magunia, akazigawa, akatundika zake. Mbele kabisa aliweka gauni jipya la bluu ambalo hakuwa amelivaa bado.

Jioni hiyo alikuwa jikoni akiosha vyombo mvua ilipotanda na umeme ukakatika, nyumba ikawa giza. Akasikia henga za nguo zikigongana taratibu chumbani, kisha mlango wa kabati ukalia. Alidhani ni mumewe, mpaka alipomkuta sebuleni, amekaa kando ya mshumaa, anatabasamu.

"Lile la bluu limekukaa, mke wangu," akasema. "Mbona umelivua upesi hivyo?"

Wivu ulimchoma kabla hofu haijamfika. Akaenda kabatini akipapasa gizani. Gauni lilikuwa palepale kwenye henga, limefungwa vifungo vyote, na kwapani lilikuwa limelowa jasho, bado la moto.