Mkasi wa Sabato

Ijumaa ile ilianza kama Ijumaa nyingine yoyote pale Itumbe. Wachuma chai walikuwa wameshateremka na vikapu vyao mgongoni, kiwanda kilikuwa kikinguruma huko bondeni, na Nyanchera alikuwa ametandaza picha na barua za zamani juu ya meza ya sebuleni mwa baba yake, hata pa kuweka kikombe hapakuwa. Alikuwa ametoka kwake Suneka, alikoolewa, aje amtengenezee mzee albamu. Mwalimu Abner alikuwa ametimiza miaka themanini na miwili, na kanisa lilikuwa limepanga kumfanyia ibada ya shukrani Sabato ya tatu kutoka hiyo.

Alikuwa mtu wa heshima zake, Mwalimu Abner. Mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, shati jeupe lenye kola iliyopigwa pasi hata akienda kumtazama ng'ombe. Tusifichane, alipenda kujulikana. Akipita sokoni asisalimiwe kwa jina, siku yake imeharibika. Lakini kwa bintiye alikuwa baba mwema, naye Nyanchera alimpenda kwa roho yake yote. Albamu hiyo alitaka iwe kitu cha kuwaonyesha watoto wa watoto wao.

Barua alizipata kwenye mkoba wa ngozi juu ya kabati. Nyingi Abner aliziandika akiwa chuo cha ualimu. Moja ilianza hivi: "Kwa mama yangu mpendwa Nyakerario. Nimefika salama. Blanketi ulilonipa linanitosha. Usichume maua ya pareto kwenye mvua, mama, kifua chako si kizuri." Nyanchera aliisoma mara mbili. Tangu utotoni alikuwa ameambiwa bibi yake anaitwa Gesare, na kwamba alikufa zamani.

Ndani ya bahasha hiyo hiyo mlikuwa na picha ya studio. Kijana Abner ameketi kitini, tai shingoni. Upande wake wa kushoto picha ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kuanzia juu mpaka chini, ila aliyekata alishindwa kuondoa kitu kimoja bila kumharibu Abner. Begani mwake ulibaki mkono wa mwanamke.

Nyuma ya picha kulikuwa na mhuri wa studio na namba, ndiyo maana jana yake, Alhamisi, Nyanchera alikuwa amekwenda nayo Kisii mjini, kwa mzee Subhash mwenye studio. Subhash aliitazama namba, akapanda ngazi, akashuka na boksi la vumbi. "Baba yangu hakutupa filamu hata moja, mama," alisema. "Watu wanakufa, picha hapana." Akamsafishia picha nzima. Mwanamke mrefu, mwenye mwanya, amesimama wima, anatazama mbele bila kucheka. Kwenye bahasha ya filamu marehemu baba yake Subhash alikuwa ameandika: Nyakerario na mwanawe.

Sasa, Ijumaa jioni, Nyanchera aliipaka gundi na kuibandika ukurasa wa kwanza. Ndipo baba yake akaingia kutoka kunyoa ndevu, taulo shingoni. Alipoiona picha hiyo, uso ulimwisha damu.

"Umemtoa wapi huyo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa Subhash. Ni nani, Tata?"

"Mbandue."

Nyanchera alitazama dirishani. Jua lilikuwa limezama nyuma ya mikaratusi. "Sabato imeshaingia, Tata," alisema. "Nitambandua Jumapili."

Angekuwa mtu wa kanisa jingine, picha ingebanduliwa papo hapo, na huenda mambo yangeishia hapo. Lakini Abner alikuwa mzee wa kanisa, miaka arobaini akiwafundisha watu kwamba jua likitua Ijumaa kazi hulala ilipofika. Angesema nini? Aligeuka, akaenda zake. Albamu ikabaki wazi mezani, na gundi, na mkasi.

Siku iliyofuata walifunga nyumba wakaenda kanisani. Walirudi saa nane mchana, jua kali, ufunguo mfukoni mwa Nyanchera. Albamu ilikuwa imefungwa. Alipoifungua alikuta picha nyingine imebandikwa, ya wazee wa kanisa siku ya kuzindua jengo jipya. Hakuibandika yeye. Wazee kumi na mmoja walikuwa wamesimama mstari mmoja. Katikati, alipokuwa Abner, palikuwa na tundu lenye umbo la mtu, limekatwa safi, mabega mpaka viatu.

Alitafuta kipande kilichokatwa. Chini ya meza hakikuwapo, wala kwenye kapu la taka. Mkasi ulikuwa pale pale alipouacha, lakini alipoushika aliukuta una joto la mkono.

Hakumwambia baba yake. Alijidanganya kwamba labda mzee mwenyewe alikata kwa hasira kabla hawajaondoka. Jumapili alijaribu kuibandua picha ya Nyakerario, ukurasa ukawa unachanika lakini picha haitoki. Basi akauchukua mkasi na kuutupa chooni, chini kabisa, akasikia ukitumbukia.

Sabato ya pili, kanisani, kabla ya mahubiri, shemasi Anyona alisimama mbele kukaribisha wageni kama kawaida. Anyona na Abner walikuwa wameketi benchi moja miaka thelathini. Abner ndiye aliyesimamia harusi ya mwana wa kwanza wa Anyona. Anyona aliangaza macho, yakamfikia Abner, akatabasamu kwa adabu.

"Na mzee wetu hapo mbele, mwenye shati jeupe," alisema. "Tunaomba usimame utuambie jina lako na kanisa unalotoka."

Nyanchera alidhani ni mzaha. Alingoja watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Waumini mia mbili walikuwa wamegeuka wakimtazama baba yake, wote wakiwa na tabasamu lile wanalopewa wageni.

Abner hakusimama. Aliifungua Biblia, akaiinamia.

Nyumbani albamu ilikuwa imefungwa tena. Kulikuwa na ukurasa mpya. Picha ya Krismasi, Abner amempakata Sylvanus, kaka yake Nyanchera, akiwa na miaka mitatu. Sasa Sylvanus alikuwa ameketi juu ya tundu. Mkasi ulikuwa mezani. Ulikuwa mkavu.

Nyanchera alimpigia Sylvanus simu Nairobi.

"Unakuja kwa shukrani ya Tata?"

"Tata gani?"

"Sylvanus, usinifanyie hivyo."

"Wewe Nyanchera, uko sawa? Sisi hatujawahi kuwa na baba." Alisema hivyo taratibu, kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Ndiyo maana Nyanchera aliogopa. Kaka yake hakuwa akitania.

Mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati. Nyanchera alikwenda akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake. "Niambie," alisema. "Niambie sasa, wakati bado mimi nakujua."

Mzee alisema kwa kunong'ona, hata ikabidi bintiye asogeze sikio.

"Mama yangu Gesare alikufa nikiwa na miaka minne. Nyakerario alikuwa mke mdogo wa baba. Hakuzaa. Alinilea mimi. Alinibeba, alinisomesha kwa pesa za pareto yake. Baba alipokufa, ng'ombe wa watu wakaanza kufa. Kisha mtoto wa jirani yetu Obwocha akafa. Watu wakataka orodha ya wachawi. Wakatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri."

"Ukaandika wewe."

"Walisema nikikataa mimi pia nimerithishwa uchawi."

"Yeye ulimwandika wa ngapi?"

Mvua ilinyesha.

"Wa kwanza," alisema Abner. "Shamba lake lilipakana na langu. Ndilo hili."

Nyanchera alitazama sakafu waliyokuwa juu yake. Aliijua mipaka ya boma hilo tangu alipoanza kutembea. Nyumba hii. Sebule hii.

"Walikuja mchana," mzee aliendelea. "Nyumba ilipowaka alitoka mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma ya watu. Aliniona. Aliniita kwa jina, mara tatu. Alijua nitasema neno. Obwocha akaniuliza mbele ya watu wote, huyu ni mama yako? Nikasema simjui. Basi wakamrudisha ndani." Akajifuta uso kwa kiganja. "Jioni nilichukua mkasi nikamkata kwenye picha zote. Barua zangu kwake tu, alizonirudishia nizitunze, nilishindwa kuzichoma. Jina lake hakuna mtoto aliyepewa. Nilitaka asiwe amewahi kuwapo."

Nyanchera alimchukia. Alimchukia wazi wazi, na bado mkono wake ulikuwa juu ya goti la mzee. Mambo mawili hayo yalimkaa kifuani kwa pamoja, hakujua alitoe lipi. Alichojua ni kwamba, ukiacha ile ya Nyakerario, ilibaki picha moja tu yenye baba yake: siku ya harusi yake, Abner amemshika mkono anampeleka madhabahuni. Picha ya wazee ilikuwa imelisahaulisha kanisa. Picha ya Krismasi imemsahaulisha Sylvanus. Hii ingemsahaulisha nani, hakuhitaji kuambiwa.

"Utasimama kanisani Jumamosi," alisema. "Utasema yote. Na jina lake utalitaja."

"Wataniona vipi?"

"Watakuona, Tata. Kwa sasa hata hilo hakuna."

Juma zima alilala na picha ya harusi ndani ya nguo zake. Asubuhi ya Sabato ya tatu aliitia ndani ya albamu, akaifunga albamu kwa leso mafundo mawili, akaipakata mpaka kanisani. Nyumbani hakuacha picha hata moja. Wimbo ulipoisha, shemasi Anyona akakaribisha wageni, na Mwalimu Abner, katika siku ambayo ilikuwa iwe ya shukrani yake, akasimama na wageni, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine ya kupewa nafasi ya kusema.

Alisema yote. Orodha, moto, shamba, neno lile alilolisema mbele ya watu. Alipolitaja jina la Nyakerario, kikongwe mmoja anayeitwa Ruth, aliyekuwa benchi la nyuma, aliangua kilio. "Nyakerario," alisema. "Alinipa mbegu ya wimbi. Nilikuwa nimemsahau kabisa, Mungu anisamehe." Wazee wengine wakaitikia kwa vichwa. Naam, Nyakerario. Mrefu, mwenye mwanya. Jina likapita benchi kwa benchi, kila mtu akilitaja. Nyanchera alipumua. Alidhani wameponyoka.

Kisha mchungaji akauliza, "Na huyo mwana aliyemkana, anaitwa nani?"

"Abner," alisema mzee. "Ni mimi. Mwalimu Abner."

Watu walitazamana. Anyona alikuna kichwa. "Hatujawahi kuwa na mwalimu wa jina hilo hapa," alisema. "Lakini asante, mgeni, kwa ushuhuda. Tupige magoti tumwombee huyo mama."

Kanisa zima likapiga magoti. Nyanchera naye. Alifumba macho, albamu kifuani, mikono yote miwili juu ya fundo.

Mchungaji aliomba.

Akasikia kra.

Karibu sana. Chini ya kidevu chake.

Kra. Kra.

Alibana albamu. Ndani yake kitu kilisogea, taratibu, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kuharibu kazi. Alitaka kufumbua macho. Kope hazikufunguka. Alisema moyoni, baba yangu ni Abner, baba yangu ni Abner. Alijishika na mambo madogo. Shati jeupe. Harufu ya sabuni ya kunyolea. Alivyomfundisha kuandika herufi, mkono wake mkubwa juu ya mkono wake mdogo. Kra. Mkono mkubwa wa nani? Baba yangu ni. Kra. Baba yangu.

"Amina," alisema mchungaji.

Nyanchera alifumbua macho, akainuka, akajipangusa magoti. Alijisikia mwepesi, ila shingo ilimuuma kidogo. Mbele ya kanisa alikuwa amebaki mzee mmoja mwenye shati jeupe, analia, amemkodolea macho yeye.

"Yule mzee ni nani?" alimnong'oneza jirani yake.

"Mgeni," jirani alijibu.

Nyanchera alirudi kwake Suneka siku iliyofuata. Albamu ilitoka nzuri sana. Ukurasa wa kwanza ana bibi yake Nyakerario, amesimama kando ya tundu, na mtoto aliyezaliwa na bintiye mwezi uliofuata alipewa jina hilo. Baadhi ya picha zina matundu, pamoja na ya harusi, ambapo ameshikwa mkono na mtu asiyekuwapo, lakini picha za zamani huwa hivyo, anasema.

Alasiri moja alikuwa ameketi barazani akiipanga upya, mzee akaingia langoni kwa miguu, kola imechafuka, viatu vimetoboka. Nyanchera alimkaribisha vizuri, maana alifunzwa adabu, ingawa hakuweza kukumbuka na nani. Akamletea chai. Mzee hakuinywa. Aliweka kidole juu ya tundu la picha ya harusi.

"Huyu alikuwa nani, mama?"

"Hata sijui, mzee wangu. Niliikuta hivyo."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Nisaidie kitu kimoja," alinong'ona. "Niite Abner."

Ombi la ajabu, lakini halina gharama. "Haya," alisema Nyanchera. "Mzee Abner."

"Tena."

"Mzee Abner."

Mzee alifumba macho kama mtu aliyepewa maji. Akainuka, akashuka ngazi. Nyanchera aliinama kubandika kona ya picha iliyokuwa imelegea. Alipoinua kichwa, barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Mbele yake, juu ya kigoda, palikuwa na kikombe cha chai kilichojaa, bado kinatoa mvuke. Alikitazama sana, akijiuliza alikuwa amemmiminia nani.